BUNDUKI YA KWANZA YA KUWINDA: MWENYE FEDHA KIDOGO ACHAGUE NINI?

Nyumba nyingi za vijijini zina shida ambayo watu wa mjini hawaijui sana. Usiku nguruwe wa pori huingia katika mihogo na kufukua matuta. Mchana nyani huvunja mahindi mabichi. Naye ndezi, ambaye wengi kwetu humwita simbiliki, hukata mabua ya mpunga na miwa chini kabisa kama mtu mwenye kisu. Tena watoto hukaa majuma mengi bila kuonja nyama. Basi baba wa nyumba huketi jioni, huwaza, kisha husema: «Laiti ningekuwa na bunduki!»

Wazo hilo si baya. Mwenyezi Mungu amewapa watu ruhusa ya kutumia wanyama kwa chakula, na kulinda shamba ni kazi ya mwenye shamba. Lakini fedha za baba huyo ni kidogo, nao wauzaji wenye maneno matamu ni wengi. Ndiyo sababu leo twataka kusema naye, na pamoja naye mkewe, kwa maana mfuko wa nyumba ni wa wawili. Na pia vijana wa shule, ambao mara nyingi ndio wanaosomewa barua na kuulizwa maana ya maandiko yaliyochongwa katika chuma.

Neno letu ni hili: mwenye fedha kidogo anunue bunduki iliyo rahisi kueleweka, iliyo nzima, na yenye hati za Serikali. Likikosekana moja katika hayo matatu, asinunue, hata kama bei yake ni ndogo namna gani. Sasa tueleze sababu.

HESABU KWANZA

Katika Injili ya Luka, Bwana wetu Yezu Kristu ataja mtu atakaye kujenga mnara, ambaye yampasa aketi kwanza na kuhesabu gharama, asije akachekwa na watu kwa kuanza asichoweza kumaliza. Anayetaka bunduki na aketi vivyo hivyo. Bei ya bunduki si gharama ya bunduki. Ziko hati na ada za Serikali, ziko risasi, liko sanduku lenye kufuli, yako mafuta ya kusafishia, yuko fundi wa kuikagua.

Tuchukue mfano. Mtu ana fedha zinazotosha kununua mbuzi 8. Muuzaji amwambia: «Bunduki hii ni bei ya mbuzi 8, chukua.» Akiichukua, amerudi nyumbani na chuma kitupu: hana hati, hana risasi, hana kufuli. Afadhali atafute bunduki ya bei ya mbuzi 4. Fedha za mbuzi wawili aziweke kwa hati, za mmoja kwa risasi, za mmoja kwa sanduku, kufuli, mafuta na fundi. Twasema kwa kifupi: bunduki yenyewe isile zaidi ya nusu ya fedha uliyo nayo.

Tena hesabu risasi. Kisanduku cha risasi za kaliba 12 kwa kawaida huwa na risasi 25. Tano za kwanza anayeanza azipige katika karatasi, ajifunze. Zimebaki 20. Mgeni wa kazi hii akipata mnyama mmoja kwa kila risasi 3, amefanya vema. Basi atapata wanyama 6, na risasi 2 zitabaki. Agawe gharama ya kisanduku kwa wanyama 6, aone kanga mmoja au funo mmoja amemgharimu nini. Kisha aweke upande wa pili wa mizani wale mbuzi majike ambao angeweza kuwanunua. Mbuzi hubeba mimba miezi 5, mara nyingi huzaa mapacha, wala hahitaji baruti.

Kwa nyumba nyingine jibu la hesabu hii litakuwa: nunua mbuzi, jenga ua imara kuzunguka shamba, na iache bunduki. Anayefika hapo asione haya. Amehesabu kama mtu mzima, na fedha ya karo ya watoto wake imesalimika. Lakini aonaye baada ya hesabu kwamba bunduki yamfaa kweli, na aendelee kusoma.

AINA TATU

Katika nchi yetu mtu huweza kuonyeshwa bunduki za namna tatu.

Ya kwanza ni bunduki ya kienyeji, ambayo kwetu huitwa pupu, na ambayo watu wa pwani huiita gobori. Baruti humiminwa kwa mdomo wa mtutu, marisao hufuata, halafu fataki huwekwa nyuma. Babu zetu walizizoea bunduki za namna hii kwa sababu maalum. Mkutano wa Bruxelles wa mwaka 1890, ulioitishwa ili kukomesha biashara ya watumwa, ulizuia silaha mpya na bunduki zenye mifereji ndani ya mtutu zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, na Kongo ilikuwa ndani ya mipaka hiyo. Bunduki za gumegume zisizo na mifereji ziliweza kuruhusiwa. Basi wazee walijifunza kutumia na kutengeneza zile walizoachiwa.

Wahunzi wetu wana akili na mikono mizuri, nasi twawaheshimu. Lakini chuma ni chuma. Pupu nyingi hutengenezwa kwa bomba la maji au kwa chuma cha usukani wa gari lililokufa. Vyuma hivyo havikufanywa kwa kazi hiyo. Risasi ya kawaida ya kaliba 12 ilipukapo, nguvu ndani ya mtutu yaweza kufika bar 740. Gurudumu la gari dogo hujazwa upepo wa bar 2 hivi. Yaani ni nguvu inayopita ile ya gurudumu zaidi ya mara 300, nayo i karibu na jicho la mwindaji na mkono wake wa kushoto. Tena katika pupu ya kumiminia baruti, kipimo mara nyingi ni jicho la mtu. Akisahau kwamba amekwisha jaza, hujaza mara ya pili. Bei yake ndogo ndiyo mtego wake. Tusiinunue.

Ya pili ni karabini, yaani bunduki yenye mifereji myembamba inayozunguka ndani ya mtutu. Mifereji hiyo huizungusha risasi kama pia, hata ikaenda mbali bila kupotoka. Ni chombo kizuri katika mbuga wazi, kwa mtu aliyefundishwa. Lakini bei yake ni kubwa, risasi zake ni ghali na ni shida kupatikana, na kosa lake huenda mbali. Hata ile ndogo kabisa, kaliba .22, risasi yake yaweza kuruka kilomita 1 na nusu; ile ya karabini kubwa hupita kilomita 3. Katika msitu, ambako mtu haoni zaidi ya hatua 40 mbele yake, mbio hizo zamfaa nini? Zaweza kumfikia mama aliye shambani kwake ng'ambo ya mto. Mwenye fedha kidogo aiache kwa sasa. Na hapa tuseme wazi: bunduki za vita, hata ikiwa zapatikana kwa siri kwa bei ya chini kuliko zote, si za kuwinda. Raia haruhusiwi kuwa nazo, na mara nyingi zimekwisha mwaga damu ya jirani.

Ya tatu ni bunduki ya marisao, yenye mtutu laini ndani, ambayo watu wetu huijua kwa jina la kaliba 12. Katika aina hii, ile yenye mtutu mmoja, inayokunjika katikati ili kutiwa risasi, ndiyo tunayomshauri mnunuzi wa kwanza. Sababu ni nne. Vyombo vyake ndani ni vichache, kwa hiyo vichache tu huharibika. Ukiikunja, waona mara moja kama ina risasi au haina. Hata mtoto aweza kuona kwa mbali kwamba imekunjwa na haiwezi kulipuka. Risasi zake zapatikana kuliko za kaliba nyingine. Nyingi zilizotumiwa katika Afrika ya Kati zilitengenezwa Pointe-Noire, kwa jirani zetu wa Kongo-Brazzaville. Na marisao yake yafaa kwa kanga, kwale, ndezi na funo, ndiye kabuluku wa watu wa Katanga. Na hao ndio wanyama wa nyumba ya kawaida. Mfano wa bunduki ya namna hii ni ile IZh-18 ya Izhevsk, Urusi, iliyoanza kutengenezwa miaka ya 1960 na kuuzwa kwa jina la Baikal. Haina urembo, uzito wake haufiki kilo 3.

Wengine watakuambia: «Mitutu miwili ni afadhali.» Ni kweli kwamba risasi ya pili husaidia. Lakini mitutu miwili iliyo mizima ni bei kubwa. Na mitutu miwili ya bei ndogo kwa kawaida ni mizee iliyolegea. Mtutu mmoja mzima washinda miwili migonjwa. Zaidi ya hayo, mwenye risasi moja tu hujifunza kungoja mpaka ana hakika.

KUSOMA HESABU ZA CHUMA

Vijana wa shule wasikilize sehemu hii vizuri, maana hapa elimu yao yaweza kuokoa mikono ya baba zao.

Neno «kaliba 12» lina maana gani? Chukua ratili moja ya madini ya risasi, yaani gramu 453, uigawe katika tufe 12 zilizo sawa. Tufe moja huingia barabara katika mtutu wa kaliba 12, ambao upana wake ni milimeta 18 na nusu hivi. Ukiigawa katika tufe 20, kila moja ni ndogo zaidi, na mtutu wa kaliba 20 una upana wa milimeta 15 na nusu hivi. Kwa hiyo hesabu ikipanda, mtutu hupungua. Wengi hukosea hapa.

Kosa hili lina hatari kubwa. Risasi ya kaliba 20 ikiangukia katika mtutu wa kaliba 12, hupita chumba chake na kukwama mbele kidogo, mahali ambapo jicho haliioni upesi. Mtu akidhani bunduki ni tupu, atatia risasi ya 12 nyuma yake na kuvuta. Mtutu hupasuka. Ndiyo sababu viwanda vimezoea kuzipaka risasi za kaliba 20 rangi ya njano. Sheria ya nyumba iwe hii: risasi za kaliba mbili zisikae kamwe katika mfuko mmoja.

Iko hesabu ya pili: urefu wa chumba cha risasi. Karibu na nyuma ya mtutu utaona 12/65, au 12/70, au 12/76. Ni milimeta. Bunduki nyingi za zamani za Ulaya zina chumba cha 65. Za siku hizi zina 70 au zaidi. Sasa angalia udanganyifu wake: risasi ya 70 ambayo haijapigwa ni fupi kuliko milimeta 70, kwa maana mdomo wake umekunjwa. Itaingia katika chumba cha 65 bila shida, na mtu atadhani yafaa. Ikilipuka, mdomo ule hukunjuka na kukosa nafasi. Hubana njia ya marisao, na nguvu ndani hupanda kupita kiasi. Basi kuingia si kufaa. Soma hesabu ya mtutu, soma hesabu ya risasi; ile ya risasi isizidi ile ya mtutu. Mnunuzi wa kwanza atafute 12/70, ambayo risasi zake ndizo nyingi.

ALAMA ZA LIÈGE

Bunduki nyingi za zamani zilizoingia Kongo zilitoka Liège, mji wa mafundi wa silaha katika Ubelgiji. Mwaka 1672 mtawala wa nchi ile, Maximilian Henry wa Bavaria, ambaye alikuwa pia askofu wake, alitoa sheria kwamba mitutu ijaribiwe kwa moto kabla ya kuuzwa. Hata leo katika nchi kadhaa za Ulaya kazi hiyo yafanywa: bunduki hupigwa kwa risasi zenye nguvu kupita zile za kawaida, kwa kaliba 12 ya kawaida zaidi kwa 30 hivi katika kila 100, isipopasuka wala kuvimba, hutiwa alama.

Alama ya Liège ni herufi ELG ndani ya duara refu kama yai. Ukiona pia simba na herufi PV, maana yake mtutu ulijaribiwa kwa baruti mpya isiyo na moshi mwingi, ambayo ndiyo iliyomo katika risasi za leo. Bunduki ya kizee isiyo na alama hiyo, hasa ile yenye mistari mizuri katika mtutu kama ya mkeka uliosukwa, ilifanywa kwa baruti nyeusi ya zamani. Ni pambo la ukutani. Isitiwe risasi ya leo.

Wakristu wakumbuke kwamba mji huo huo wa Liège ndio uliokuwa na askofu Mtakatifu Hubert, aliyefariki mwaka 727, msimamizi wa wawindaji, ambaye sikukuu yake huadhimishwa tarehe 3 Novemba. Masimulizi ya zamani yasema kwamba, alipokuwa bado kijana mwenye kupenda kuwinda kuliko kusali, alimwona kulungu mwenye msalaba kati ya pembe zake, akasimamisha mbwa wake, akaongoka. Mwindaji ajuaye kujizuia ndiye Kanisa limweka mbele yetu kuwa mfano.

KUIKAGUA KABLA YA KUTOA FEDHA

Bunduki iliyokwisha tumika yaweza kuwa njema sana, maana chuma kilichotunzwa hudumu. Lakini ikaguliwe mchana, bila haraka, na mtu ajuaye awepo. Muuzaji akikataa, mwage kwa adabu na uende zako. Fanya hivi:

1. Ikunje, uhakikishe haina risasi. Ufanye hivyo hata kama mwenyewe ameapa.

2. Tazama ndani ya mtutu ukiuelekeza kwenye mwanga wa anga. Duara za mwanga ziwe sawasawa. Kivuli cheusi kama pete ni dalili ya mtutu uliovimba, uache. Vishimo vingi vya kutu katika chumba cha risasi, uache pia.

3. Ifunge, uitikise. Mahali mtutu unapokutana na mwili wa bunduki pasiwe na mlio wa kulegea. Inua juu utazame: usione mwanga kati ya vyuma viwili.

4. Inua nyundo, kisha uisukume mbele kwa kidole gumba bila kugusa kifyatuo, yaani kile kilimi kinachovutwa kwa kidole. Isianguke. Gonga kitako polepole juu ya ardhi laini, bunduki ikiwa tupu: isianguke. Bunduki iangukayo yenyewe huua mwenyewe au rafiki yake.

5. Tia ganda la risasi iliyokwisha pigwa, uvute. Alama ya sindano iwe katikati ya fataki, wala si pembeni.

6. Angalia ubao mahali pale mwembamba unaposhikwa kwa mkono. Ufa hapo, hata ukifungwa kwa waya, utakuwa mkubwa.

7. Weka kitako katika kiwiko cha mkono wako: kidole kifike vizuri kwenye kifyatuo. Bunduki ndefu mno hukwama katika nguo. Fupi mno hupiga shavu. Tena iliyo nyepesi sana hurusha bega kwa nguvu. Kwa hiyo tumia risasi za marisao gramu 28 hadi 32, nazo zatosha.

8. Mwisho, soma namba iliyochongwa katika chuma, uilinganishe na namba katika hati. Zikitofautiana, au chuma kikiwa kimesuguliwa ili namba ifutike, usiulize bei. Bunduki hiyo yawezekana ina historia ya damu, nawe utairithi pamoja nayo.

HATI MBILI

Wengi hudhani karatasi moja yatosha. Ziko mbili. Ya kwanza ni ruhusa ya kushika silaha, kufuatana na sheria ya silaha ya tarehe 3 Septemba 1985. Ya pili ni ruhusa ya kuwinda, kufuatana na sheria ya kuwinda ya tarehe 28 Mei 1982. Mwenye ya kwanza bila ya pili aweza kuiweka bunduki, lakini hawezi kuwinda nayo. Hati ya silaha ni ya mtu, wala si ya ukoo: kaka, shemeji au rafiki asiye na hati yake asiazimwe. Mwombaji aende ofisini mwenyewe kabla ya kununua, aulize ada, adai stakabadhi kwa kila faranga anayotoa.

Sheria ile ya 1982 yakataza pia kuwinda kwa taa usiku, kwa moto wa pori, na kwa sumu. Wako wanyama wasioguswa kamwe: okapi, ambaye amelindwa tangu 1933, sokwe, tembo na wengine. Hakuna ruhusa ya raia kuwinda ndani ya mbuga za Taifa, kama Virunga iliyoanzishwa 1925, Upemba ya 1939, au Kahuzi-Biega ya 1970. Asiyejua mpaka ulipo aulize kabla ya kwenda.

Kwa ndugu zetu wa mashariki twaongeza neno moja. Tangu vita vya 1996, bunduki katika nyumba yaweza kumwita mwizi, na yaweza kumfanya askari amdhanie baba wa nyumba kuwa mpiganaji. Mahali ambapo vita vingali vikizunguka, mwenye busara asinunue sasa.

NYUMBANI NA PORINI

Bunduki iliyonunuliwa vema bado yaweza kuharibu nyumba katika dakika moja. Kwa hiyo ikae tupu, imefungwa kwa kufuli. Risasi zikae katika sanduku jingine, na funguo zikae na mwenyewe. Isiegemezwe nyuma ya mlango, wala isiwekwe juu ya dari, ambako kila mtoto hujua kupanda. Isafishwe baada ya kila safari kwa mafuta ya mashine. Mafuta ya kupikia hugandamana na kukaza vyombo.

Porini, marisao madogo ya milimeta 3 huua vizuri mpaka mita 30 au 35. Zaidi ya hapo hutawanyika, na mnyama hukimbia na majeraha, akafie mahali asipopatikana. Katekisimu iliyotolewa mwaka 1992 yatufundisha kwamba kuwatesa wanyama au kuwaua bila haja hakupatani na heshima ya mwanadamu. Na kwa mwenye fedha kidogo ni risasi iliyopotea pia. Lakini kumbuka kwamba marisao hayo hayo huweza kuanguka mita 200 na zaidi mbele, na yale makubwa ya kuwindia nguruwe hupita mita 600. Basi asiyeona vizuri kilicho nyuma ya mnyama, asivute. Majani yanayotikisika si mnyama. Mara nyingi ni mtu akitafuta kuni.

Mama wa nyumba atoe marisao yote katika nyama kabla ya kupika, na akate sehemu iliyosagika kwa risasi. Madini yale ni sumu, na huwadhuru watoto wadogo kuliko wakubwa.

Nanyi wanafunzi: mkiikuta bunduki mahali popote, msiiguse, msiielekeze kwa mwenzenu kwa mchezo, msiamini neno la «haina risasi». Ondokeni, mkamwite mtu mzima. Si woga. Amri ya tano yatudai kulinda uhai, nayo hutimizwa pia kwa kuondoka mkono.

Twamrudia sasa baba wa nyumba. Akiwa amehesabu gharama yote, akapata kaliba 12 ya mtutu mmoja, nzima, yenye alama, yenye namba iliyo sawa na hati, na mahali pa kuifungia, anunue kwa moyo mtulivu. Akikosa kimojawapo, angoje mwaka mmoja zaidi. Nguruwe atakula mihogo kidogo, lakini mihogo hupandwa tena.